Mkono wa Klachi

Mtaa mzima ulimjua Fundi kwa mambo mawili: mshono wake ulionyooka, na ulimi wake usiojua kumpaka mtu mafuta. Mteja akijaribu gauni lililombana akauliza, "Limenikaa?" Fundi alimtazama kuanzia begani hadi kwenye pindo, akautoa utepe wa kupimia shingoni, akasema, "Halijakukaa. Umeongezeka mwili tangu nilipokupima. Livue nilifumue." Wengine walinuna wakahamia kwa mafundi wenye maneno matamu. Wengi wao walirudi, kwa kuwa walichoka kusifiwa dukani na kuchekwa barabarani.

Mguu wake wa kulia ulikuwa haukunjiki. Ulipooza utotoni, ukabaki mwembamba na mgumu, na cherehani yake aliikanyaga kwa mguu wa kushoto peke yake. Kwa ajili hiyo hakuweza kuendesha pikipiki, maana breki ya nyuma inakanyagwa kwa mguu wa kulia. Pikipiki ya nyumba ile iliendeshwa na mkewe. Yeye ndiye aliyefuata vitambaa sokoni, akapeleka nguo zilizokwisha kwa wateja, na penye kupima watu nyumbani kwao, akampakia mumewe nyuma, mguu wake mgumu ukichomoza upande kama mpini wa jembe. Mtaa ulimwita Dereva. Naye Fundi alimwita hivyo hivyo, hata wakiwa wawili tu chumbani.

Walikuwapo wenye midomo. "Fundi, leo tena umepakiwa na mwanamke?"

"Nimepakiwa na mke wangu," alijibu. "Wewe unayeendesha mwenyewe, hapo nyuma umempakia nani?"

Lakini maneno hayo yalimgusa kuliko alivyokiri, kwa sababu katika miaka yote hiyo hakuwahi kumshika mkewe kiunoni mbele za watu. Alishika keria. Aliona ndiyo heshima. Mimi naona ni kiburi kilichovaa nguo ya heshima, na si yeye peke yake anayeivaa.

Ajali ilitokea kwenye kona penye nyumba inayojengwa. Mchanga ulikuwa umemwagika hadi barabarani, na hakuna aliyejali kuufagia, kwa kuwa siku hizi mtu akishamaliza kazi yake, takataka za kazi hiyo huwa ni shida ya wapita njia. Pikipiki ilipofika hapo tairi la mbele liliteleza. Fundi alirushwa akatua juu ya lundo la mchanga kama aliyetupwa godoroni. Aliinuka na mchanga kwenye meno, bila hata mkwaruzo. Mkewe alianguka pamoja na chombo, ubavu wa kushoto, kwenye lami. Alizimia kidogo. Alipofumbua macho aliona nyuso zimemwinamia, na sauti ya kwanza iliyomfikia ilikuwa ya kibarua mmoja aliyekuwa akiwasimulia wenzake: "Mama wa watu kaogopa, kaachia usukani!"

Alivunjika vidole viwili vya mkono wa kushoto, cha kati na cha pete. Hospitali walimfunga plasta. Jioni, wakiwa nyumbani, akakaa kitandani akiutazama ule mkono mweupe kama si wake.

"Fundi," akasema, "niliachia usukani?"

Mtu mwingine yeyote angejibu upesi kwamba hakuachia, na mambo yangeishia pale. Fundi alifikiri. Alikuwa nyuma, uso wake ukiuelekea mgongo wa mkewe. Alichokiona ni kitambaa cha blauzi.

"Sikuona," akasema.

Mkewe akaitikia kwa kichwa, akageukia ukutani.

Tangu siku hiyo alibadilika. Zamani alikuwa na mazoea ya kuvumisha nyimbo puani akifanya kazi, nyimbo zisizo na mwanzo wala mwisho. Sasa alikaa kimya. Fundi alipomwita "Dereva," alisema bila ukali, "Usiniite hivyo." Na pikipiki iliyokuwa imeletwa na kuegemezwa ukutani uani, usukani ukitazama huku na tairi likitazama kule, alipita kando yake kama anayempita mtu waliyegombana.

"Wale wanunuzi wa vyuma chakavu wakipita, waiteni," alisema. "Sitampakia mtu tena. Nilikuwa nimembeba mume wangu mwenye mguu mmoja mzima, nikamwachia. Aliyeachia mara moja ataachia tena."

Mdogo wake wa kike alikuwa amekuja kusaidia kufua na kupika. Huyu alikuwa na ulimi wa moto, na shemeji yake alimpenda kwa hilo. Alimfuata kwenye chumba cha kushonea, akafunga mlango kwa kisigino.

"Shemeji, wewe ni mtu wa namna gani? Dada anaisha pale. Ungesema tu, 'Hukuachia,' kingekupungukia nini?"

"Sikuona, shemeji."

"Nani kakuuliza kama uliona? Kakuuliza umpoze moyo!"

"Nikimwambia nisichokijua, atajua kwamba sikijui. Tumeoana siku nyingi. Uongo wangu anausikia hata kabla sijafungua mdomo."

"Basi kaa na ukweli wako. Na ukupikie."

Akatoka. Fundi alibaki na mkasi mkononi, kitambaa mezani, na hakukata kitu. Ninayeandika haya nasimama upande wake. Nimeona maneno mengi ya kupoza moyo yakigeuka sumu baadaye, siku mwenye kupozwa alipohitaji kuamini jambo na akakuta hana wa kumwamini. Hata hivyo shemeji naye hakukosea yote. Kusema "sikuona" kisha kurudi kwenye cherehani, huo ni ukweli wa mvivu. Penye jambo lisilojulikana, anayempenda mwenzake huenda kulitafuta.

Fundi hakujua aanzie wapi kulitafuta. Alijua jambo moja tu, kwamba pikipiki ikiuzwa vyuma, mkewe atabaki mtu aliyeachia mpaka mwisho wa maisha yake. Asubuhi akamwomba shemeji ashike nyuma, naye akashika mbele, wakaikokota hadi ndani ya chumba cha kushonea. Fundi wa pikipiki wa pale kona, mtu wa makamo aliyeitwa Spana, alikuwa amekuja kuchukua suruali yake. Akaizunguka akipiga mluzi.

"Shokapu za mbele hizi zimekwenda. Tazama tairi. Niachie niipeleke gereji."

"Mke wangu kasema ikitoka langoni isirudi. Nitaitengeneza hapa hapa."

"Wewe? Kwa sindano gani?"

"Niazime spana. Sindano ninazo."

Spana alicheka mpaka akashika ukuta, lakini alileta spana, na plaizi, na kopo la grisi, akakataa kusubiri ashukuriwe. Vitu vyenyewe akaviweka juu ya meza ya kukatia, katikati ya chaki na vipande vya kola.

Fundi alianza na yale aliyoyaelewa. Kiti kilichopasuka alikishona kwa uzi wa kushonea mabegi, mshono wa mara mbili. Tangi lililobonyea alilisugua na kulifuta. Taa ya mbele iliyovunjika akaing'oa, akaagiza nyingine. Kila alichokifungua alikiweka juu ya gazeti kwa mpangilio wa kilivyokaa, kama anavyopanga vipande vya koti kabla ya kuviunga. Mkewe alipita mlangoni, akaangalia, akaendelea na safari yake ya jikoni. Shemeji ndiye aliyesimama.

"Shemeji, ndiyo umefungua hospitali ya vyuma? Wagonjwa wa suruali wanangoja nje."

"Waambie daktari yuko chumba cha upasuaji."

Kisha ikaja ile sehemu ya mbele. Usukani ukiuweka sawa, tairi lilitazama mlango wa jikoni. Fundi akalibana tairi katikati ya miguu ya meza, akashika usukani kwa mikono yote miwili, akavuta. Shemeji akamsaidia. Kitu kikalia kra! Wakaachia, wakatazama, na tairi likawa limenyooka kabisa.

"Umeona?" Fundi akasema, jasho likimtoka. "Ilikuwa inataka nguvu tu."

Akafurahi siku nzima. Kesho yake akaisukuma kidogo nje, akaikandamiza mbele ili ajaribu shokapu, na pale pale tairi likarudi lilikokuwa, taratibu, bila aibu, likautazama tena mlango wa jikoni.

Akairudisha ndani, akakaa kwenye cherehani. Pale palikuwa na gauni la mteja mmoja, lililokuwa likivuta upande wa kushoto. Mwanafunzi aliyekuwa akilishona kabla hajaacha kazi alikuwa amelipiga pasi kwa nguvu ili lionekane limenyooka. Lilinyooka mezani, na lilipovaliwa likarudi kwenye upotofu wake. Fundi akachukua kiwembe akaanza kufumua, uzi mmoja baada ya mwingine, na akafika katikati ya mshono ndipo mkono wake uliposimama.

Yeye mwenyewe aliwafundisha wanafunzi wote waliopita katika chumba kile kwamba kosa halipigwi pasi. Nguo ikivuta upande, huenda kitambaa hakina ubaya wowote, kimeshikwa tu vibaya. Unafumua, unakiacha kitambaa kilale kinavyotaka, ndipo unashika upya. Na jana yeye, mwenye maneno hayo, alikuwa ameipiga pasi pikipiki.

Akainuka, akachukua spana. Akalegeza nati zote zinazozikamata shokapu, za juu na za chini, akalegeza na ekseli ya tairi. Hakuondoa kitu, alilegeza tu. Kisha akashika usukani, akakandamiza na kuachia, akakandamiza na kuachia, na ile sehemu ya mbele ikalia kidogo na kutulia kidogo, mpaka tairi lenyewe, pasipo mtu kulivuta, likageuka na kutazama mbele. Shokapu hazikuwa zimepinda hata chembe. Zilikuwa zimejisokota ndani ya vishikio vyake siku ya ajali, kisha zikabanwa katika msokoto huo huo.

Akatoa utepe shingoni. Akapima kutoka ekseli hadi kwenye fremu upande wa kulia, akatia alama ya chaki; akapima na kushoto, akatia alama. Zililingana. Ndipo akakaza, nati ya huku kidogo na ya kule kidogo, zamu kwa zamu, kama mtu anayebandika mikono ya koti na hataki bega moja lipande.

Spana alipopita jioni akachungulia dirishani. "Aa! Kumbe zilikuwa zimejisokota. Na mimi nilikwambia zimekwenda."

"Ulitazama ukiwa umesimama."

"Nilitazama nikiwa na njaa," Spana akasema. "Leo nimekula, naona vizuri."

Ikabaki mikono ya usukani, kazi ndogo, ambayo Fundi aliiacha mwisho kama anavyoacha vifungo. Mikono hiyo ilikuwa imevikwa vifuniko ambavyo alivishona mwenyewe miaka ya nyuma, vya turubai nje na blanketi ndani, ili mkewe aingize mikono asilowe na mvua wala kupigwa na baridi ya asubuhi. Cha kulia kilikuwa kizima. Cha kushoto kilichanika upande wa nje kilipokwaruza lami, lakini kilikuwa bado kimefungwa kwa kamba zake, na tangu siku ile hakuna aliyekifungua. Watu walioutoa mkono wa mkewe waliuvuta kupitia mdomo wa kifuniko.

Fundi akafungua kamba. Akakivua kifuniko polepole, akiwaza atatia kiraka cha rangi gani. Kisha akasahau kiraka.

Mkono wa klachi ulikuwa umepinda. Hilo peke yake si ajabu. Pikipiki ikilalia ubavu, mkono wa klachi hugonga chini ukapinda. Lakini huu ulikuwa umejikunja kuelekea kwenye mshikio, na haukuufikia. Katikati yake ulikuwa umeacha nafasi, uvungu mdogo wa mviringo, kana kwamba kulikuwa na kitu ndani kilichouzuia usishuke zaidi. Na kwenye blanketi, upande wa ndani, palikuwa na doa kavu la damu mahali hapo hapo.

Fundi akaingiza vidole vyake kwenye ule uvungu. Vilikwama, vilikuwa vinene. Akavitoa. Akakaa sakafuni, mguu mgumu umenyooka mbele yake, kile kifuniko mapajani. Shemeji alipoingia na chai alimkuta hivyo.

"Umeumia?"

"Mwite dada yako."

"Hataki kuja humu, unajua."

"Mwambie namwita. Mwambie nina jambo nimeliona."

Mkewe akaja. Plasta ilikuwa imekwisha kutolewa, na vidole vile viwili vilikuwa bado vigumu, vimepinda kidogo kwenye viungo. Akasimama mlangoni, ameshika kitambaa cha jikoni.

"Nini tena, baba?"

"Njoo ushike hapa."

"Fundi, tafadhali."

"Sikwambii uendeshe. Shika tu. Mkono wa kushoto."

Akaja, akiutazama mlango nyuma yake. Fundi akauchukua mkono wake, naye hakuwa mtu wa kumshika mkewe mkono mbele ya shemeji, akauweka juu ya mshikio, na kile kidole cha kati na cha pete akaviingiza chini ya chuma kilichopinda. Viliingia. Kupinda kwa vidole kulikaa ndani ya kupinda kwa chuma kama kifungo katika tundu lake.

Nje mtu alikuwa akiita kuku.

"Chuma hiki kilishuka kikavikuta vidole hapa," Fundi akasema. "Ndiyo maana vilivunjika hivi viwili na si vingine. Mtu aliyeachia usukani angevunjika kiwiko, au bega, au kichwa. Hawezi kuvunjika vidole ndani ya klachi. Ulishika mpaka chini. Ulipofika chini ulikuwa bado umeshika."

Mkewe aliutazama mkono wake kama vile siku ile alivyoutazama ukiwa ndani ya plasta, lakini safari hii ulikuwa wake.

"Husemi hivi kunifariji?"

"Ni lini niliwahi kukufariji?"

Shemeji akaziba mdomo kwa kiganja ili asicheke, na chai ikamwagika. Dada yake ndiye aliyeanza kucheka, kisha kicheko kikamgeukia kikawa kilio, akainamisha kichwa juu ya tangi lililosuguliwa, akalia kwa sauti, vidole bado vimo ndani ya klachi. Fundi hakumwambia anyamaze. Alitoa utepe wake shingoni, akaanza kuukunja na kuukunjua, maana hakujua mikono yake aiweke wapi.

Nimesema nasimama upande wa Fundi, na hapa ndipo sababu yangu ilipo. Kama siku ile kitandani angemwambia "hukuachia" bila kujua, neno lake la leo lingekuwa ni lile lile la kubembeleza, limerudiwa tu kwa vitendea kazi. Mkewe alilia kwa sababu aliamini, na aliamini kwa sababu alilala na mtu huyu miaka yote hiyo bila kudanganywa. Laiti tungelijua hilo, sisi tunaogawa faraja kama pipi.

Mkono mpya wa klachi ulinunuliwa na kufungwa. Kifuniko kikatiwa kiraka cha kijani. Asubuhi moja, watoto wakiwa shuleni na barabara ikiwa tulivu, Dereva aliisukuma pikipiki hadi nje, akavaa kofia ngumu, akapanda. Akavikunja na kuvikunjua vile vidole ndani ya kifuniko. Akawasha.

"Nizunguke peke yangu kwanza," akasema, bila kumtazama mumewe.

"Zunguka."

Akaondoka polepole sana, miguu yote miwili ikiburura chini kama ya mwanafunzi. Penye duka akaipandisha miguu. Akakata kona, akapotea. Fundi alibaki langoni ameegemea nguzo, akisikiliza. Ule mlio ulikwenda mbali, ukafifia nyuma ya nyumba, ukakatika kabisa. Spana, aliyekuwa ng'ambo na tairi la mtu mkononi, alifungua mdomo kutania, akamtazama Fundi usoni, akaufunga. Shemeji alikuja akasimama karibu.

Kisha mlio ukasikika upande mwingine, ukikua. Akatokea kwenye kona ile ile ya nyumba inayojengwa. Mchanga ulikuwa bado upo. Akapunguza mwendo, akaupitia kando kwa adabu, akaja akasimama mbele ya lango. Alivua kofia, uso umekunjamana.

"Inavuta kulia," akasema.

"Haivuti."

"Nakwambia inavuta kulia. Kidogo. Wewe utajuaje, huendeshi."

Fundi akachuchumaa kwa mguu wake mmoja, akatoa utepe shingoni, akapima kulia, akapima kushoto. Akapima tena kulia. Alipoinua uso alikuwa na sura ya mteja aliyeambiwa gauni halijamkaa.

"Kweli," akasema. "Nyuma imekaa upande kidogo. Nitalegeza nikaze upya."

"Utalegeza tukirudi. Kuna sare za watoto wa shule zinangoja kupelekwa." Akavaa kofia. "Leta mzigo, upande."

Fundi akaingia ndani, akatoka na furushi, akalifunga kwenye keria kwa kamba, fundo juu ya fundo, mpaka keria yote ikajaa na hapakubaki pa kushika. Kama alifanya makusudi, hakusema, na hakuna aliyemuuliza. Akaupitisha mguu wake mgumu kwa mikono, akakaa. Spana akashindwa kujizuia.

"Fundi! Leo tena unapakiwa?"

Fundi akanyoosha mikono, akaizungusha kiunoni mwa mkewe, mbele ya mtaa mzima, akaifunga vidole kwa vidole.

"Twende, Dereva," akasema.

Wakaondoka. Walipofika penye duka, Fundi, aliyekuwa ameweka shavu lake mgongoni kwenye blauzi, alisikia kitu kikitetema ndani ya mgongo ule, na kwanza alidhani ni injini, kumbe ni wimbo, usio na mwanzo wala mwisho.